Mchezo gani wa mdundo unamfaa mtu anayeanza kabisa?

Mhasibu wa Nzuguni

Habari zenu ndugu wanajukwaa. Naomba ushauri wenu kuhusu michezo ya mdundo, yaani ile ambayo mchezaji hugusa kioo cha simu au hubonyeza kitufe kwa kufuata mapigo ya wimbo unaosikika. Sijawahi kucheza mchezo wowote wa aina hii, ila nimekuwa nikimtazama mdogo wangu wa kiume anapokuja likizo, na kinachonivutia si pointi anazopata bali ni jinsi vidole vyake vinavyokwenda na wimbo mpaka mtu aliyekaa pembeni anajikuta akitikisa kichwa. Nami natamani nifike hapo, hata kama ni kwa nyimbo nyepesi tu.

Ninafanya kazi Mtumba na ninaishi Nzuguni, kwa hiyo muda wangu wa kucheza ni ule wa kwenye daladala na ule wa usiku watoto wakishalala. Nina simu ya Android ya bei ya kati ambayo haina nafasi kubwa iliyobaki, kompyuta mpakato yenye Windows ambayo si mpya, na hedifoni zisizo na waya, za Bluetooth. Nisingependa mchezo unaodai intaneti kila unapofunguliwa, maana bando langu lina kazi nyingine, wala nisingependa unaomtoa mtu kwa kosa la kwanza. Kulipia mara moja si tatizo, mradi nijue ninacholipia.

Nimetafuta mtandaoni nikakutana na majina mengi: osu!, Piano Tiles, Geometry Dash, Muse Dash, Taiko no Tatsujin, Rhythm Doctor na Beat Saber, na kila moja lina watu wanaoapa kwamba ndilo la kuanzia. Kwa mtu kama mimi, ambaye hakusoma muziki na hapigi ala yoyote, nianze na upi na kwa nini? Na je, nianzie kwenye simu au kwenye kompyuta?

Fundi Simu, Majengo

Dada, karibu sana. Kabla hatujafika kwenye jina la mchezo naomba tuzungumzie hizo hedifoni, kwa sababu wapo watu wengi wanaoiacha michezo hii mapema wakiamini kwamba hawana sikio la muziki, ilhali sikio lao ni zima na tatizo liko kwenye kifaa.

Sauti inayopita kwa Bluetooth haifiki sikioni papo hapo. Simu huibana kwanza, kisha huirusha, na hedifoni huipokea, huifungua na kuiweka akiba kidogo ili isikatikekatike, na safari hiyo yote mara nyingi huchukua kati ya milisekunde 100 na 300, kutegemea simu na hedifoni zenyewe. Ukitazama video hutambui lolote, kwa kuwa programu ya video inajua kwamba sauti itachelewa, hivyo huichelewesha picha pia ili midomo na maneno viende pamoja. Mchezo hauwezi kukufanyia hivyo kikamilifu, kwa sababu haujui mapema ni lini utagusa kioo. Sasa chukua wimbo wa mapigo 120 kwa dakika, ambao ni mwendo wa wastani tu. Kutoka pigo moja hadi jingine ni nusu sekunde, yaani milisekunde 500. Sauti ikichelewa kwa milisekunde 250, unagusa katikati kabisa ya pigo moja na jingine, na mchezo unakuandikia kosa ingawa umegusa sawasawa na ulichosikia. Hakuna mazoezi yanayoweza kumponya mtu ugonjwa ambao hana.

Kwa hiyo tafuta hedifoni za waya, hata ziwe za bei ndogo. Kama simu yako haina tundu lake, zipo adapta za kuchomeka pale pa kuchajia. Ukiwa nyumbani, spika ya simu yenyewe ni bora kuliko hedifoni za Bluetooth za bei kubwa, kwa kazi hii peke yake.

Jambo la pili ni kulinganisha sauti na mguso. Michezo mingi ya aina hii ina sehemu hiyo kwenye mipangilio: inakupigia mapigo yaliyo sawa, wewe unagusa kwa kuyafuata, nayo inakokotoa wastani wa kuwahi au kuchelewa kwako na kurekebisha mambo kulingana na kifaa chako. Usiiruke, na unapoifanya fumba macho ili mkono uongozwe na sikio tu. Ukibadilisha hedifoni au ukihamia kwenye spika, ifanye upya. Wapo watakaokwambia kwamba kwa njia hiyo unaweza kubaki na Bluetooth yako, na kwa upande mmoja ni kweli, kwa sababu mchezo utazisogeza alama za kwenye kioo zikutane na wimbo uliochelewa. Lakini ule mlio unaotokana na mguso wako mwenyewe bado utafika sikioni ukiwa umechelewa, kwa kuwa hauwezi kurushwa kabla hujagusa, na kusikia mlio wako ukiburuta nyuma ya wimbo kunamvuruga mtu vibaya sana. Anayelazimika kutumia Bluetooth na azime milio ya mguso, abaki na wimbo peke yake.

Mengine ni madogo lakini yana uzito kwa hapa kwetu. Futa kioo kwa kitambaa kikavu kabla ya kucheza, kwa sababu vumbi la Dodoma likichanganyika na jasho la vidole huifanya simu isisome baadhi ya miguso. Zima pia hali ya kuokoa chaji. Kioo cha kawaida huchora picha 60 kwa sekunde, yaani kila picha hukaa takriban milisekunde 17, na simu inapobana matumizi huruka baadhi ya picha hizo, alama zikawa zinasogea kwa kurukaruka badala ya kuteleza.

Kuhusu jina la mchezo ninawaachia wanaocheza zaidi yangu.

Mwanachuo wa UDOM

Shikamoo dada. Maelezo ya fundi yafuatwe kama yalivyo. Mimi naomba nianze kwa kuyachambua majina uliyoyataja, kwa sababu si yote ni ya michezo ya mdundo kwa maana unayoitaka wewe.

Piano Tiles, ule wa awali wa mwaka 2014, una vigae vyeusi vinavyoshuka na kila ukigusa kimoja inasikika sauti moja ya piano. Katika mtindo wake wa msingi unashindana kumaliza haraka, hivyo ukiongeza kasi wimbo nao unaongeza kasi. Maana yake ni kwamba wimbo unakifuata kidole chako, na wewe unatafuta kinyume chake, kidole kiufuate wimbo. Mtu anaweza kuucheza muda mrefu akawa na vidole vyepesi sana bila kujifunza kushika pigo hata moja. Geometry Dash, uliotoka mwaka 2013 na kutengenezwa na Robert Topala wa Uswidi, ni mchezo mzuri ninaoupenda, lakini kinachohesabiwa pale ni kuvuka vikwazo, na ukigusa kimoja tu unarudi mwanzo, jambo ambalo umesema wazi kwamba hulitaki. Beat Saber unahitaji miwani ya uhalisia pepe, kwa hiyo tuuweke kando.

Wanaobaki ni osu!, Muse Dash, Taiko no Tatsujin na Rhythm Doctor, na hao ni ndugu wa ukoo mmoja. Ukoo wenyewe ulijengeka nchini Japani: PaRappa the Rapper ulitoka mwaka 1996 kwenye PlayStation, Konami wakaleta beatmania mwaka 1997 na Dance Dance Revolution mwaka 1998, ule wa kukanyaga mishale kwa miguu, kisha Marekani wakapata Guitar Hero mwaka 2005. Tangu wakati huo msingi haujabadilika sana. Alama inakuja kuelekea mahali fulani kwenye kioo, na inapofika pale, pigo linapolia, wewe unatenda. Faida yake ni kwamba ukishauzoea mmoja, mwingine hukuchukua muda mfupi.

Ningekuwa mimi, ningekuanzishia Muse Dash kwenye simu. Ulitoka mwaka 2018 na una njia mbili tu, ya juu na ya chini. Mhusika anakimbia, maadui wanakuja kwa njia hizo mbili kwa kufuata wimbo, nawe unagusa upande wa kushoto wa kioo kwa walio juu na upande wa kulia kwa walio chini. Ukikosa unapungukiwa nguvu kidogo na wimbo unaendelea. Picha zake zinachangamsha, na hilo si jambo dogo kwa mtu ambaye ametoka kazini amechoka. Nikutahadharishe tu kwamba baadhi ya wahusika wa kike wamechorwa wakiwa na mavazi mafupi, kama utaucheza watoto wakiwepo.

Ule wa osu! ninauheshimu sana. Ulianzishwa mwaka 2007 na Dean Herbert wa Australia, ni wa bure, na nyimbo zake hupangwa na wachezaji wenyewe, kwa hiyo haziishi. Lakini mtindo wake mkuu unakudai mambo matatu kwa wakati mmoja: uisogeze panya hadi kwenye duara, usome ni duara lipi linafuata, kisha ubonyeze pale ambapo pete inayosinyaa inaligusa duara. Anayeanza hutumia akili yote kwenye panya, na wimbo unapita bila kusikilizwa. Uache kwanza.

Mwalimu Mstaafu, Chamwino

Mwanangu mhasibu, na wewe mjukuu wangu wa UDOM, nimeyasoma maelezo yenu kwa furaha kubwa, kwa sababu nilifundisha watoto kuimba kwa miaka mingi na sasa ninaona wajukuu wangu wakifundishwa jambo lile lile na simu. Naomba nipingane na mwanachuo kidogo, kwa nia njema.

Muse Dash ni mzuri, lakini unamfundisha mtu kutumia macho kwanza. Adui anakuja, unamwona, unampiga. Mtoto mwerevu anaweza kufika mbali akiwa amezima sauti kabisa, na nimeshuhudia hivyo hapa nyumbani. Mtu anayesema anataka vidole vyake viwe kitu kimoja na wimbo anapaswa kuanza na mchezo ambao ukizima sauti unashindwa. Kwa sababu hiyo mimi naiweka mbele michezo miwili.

Wa kwanza ni Rhythm Doctor wa kwenye kompyuta, ambao hulipiwa mara moja. Una kitufe kimoja tu. Mgonjwa analala kitandani, moyo wake unapiga kwa kufuata wimbo, nawe unahesabu moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, na kwenye pigo la saba unabonyeza. Basi. Mwanzoni unaonekana mwepesi mno, lakini watengenezaji wake wamefanya jambo la busara: katika hatua fulani picha huanza kuharibika na kukatika kwa makusudi, wimbo ukiendelea vilevile, na anayetegemea macho anapotea palepale huku anayehesabu kwa sikio akiendelea bila wasiwasi. Sijaona somo la kusikiliza lililopangwa vizuri kuliko hilo. Hesabu kwa sauti mwanangu, usione haya; wanafunzi wangu waliohesabu kwa sauti walishika mwendo mapema kuliko waliohesabu moyoni.

Wa pili ni Taiko no Tatsujin, mchezo wa ngoma wa Namco ulioanza mwaka 2001 kwenye mashine za kumbi za michezo huko Japani. Alama nyekundu maana yake piga uso wa ngoma, alama ya buluu maana yake piga ukingo wake. Hakuna cha tatu cha kukuchanganya, isipokuwa alama kubwa zinazotaka mikono yote miwili na zile ndefu za kupiga mfululizo. Nasi watu wa huku Ugogo tunajua kwamba sauti mbili za ngoma zinatosha kujaza uwanja. Ukiwatazama akina mama wa muheme, ngoma zimebanwa katikati ya miguu, utaona kwamba wengi wao hawaangalii mikono yao wala hawamwangalii aliye jirani. Wanasikilizana, na mtu anapoongeza pigo lake analipachika pale ambapo pigo la mwenzake limeacha nafasi. Nakushauri, kabla ya kununua chochote, usimame kwenye ngoma ya namna hiyo au hata ukae na redio yako, upige makofi kwenye pigo zito la wimbo mpaka uweze kuzungumza na mtu huku makofi yakiendelea. Wimbo uwe wa mwendo wa taratibu. Singeli usianze nayo, ile mapigo yake hupita 200 kwa dakika na hata wazoefu huwatoa jasho.

Kuhusu swali lako la kutosoma muziki, liondoe moyoni. Michezo hii haikuulizi jina la sauti wala kusoma nota. Inakuuliza wakati tu.

Mama wa Kondoa

Naongeza jambo moja ambalo halijatajwa. Michezo mingi ya aina hii ina mwanga unaowaka na kuzima kwa kasi nyuma ya alama. Kama nyumbani kwako kuna mtu mwenye kifafa, au wewe mwenyewe unaumwa kichwa kwa mwanga wa namna hiyo, ingia kwenye mipangilio uzime picha za nyuma au uzififishe kabla ya kuanza. Kwenye osu! kuna sehemu ya kufifisha mandhari ya nyuma mpaka yawe meusi kabisa, na hata kwa mwenye afya njema alama huonekana vizuri zaidi hivyo.

Mhasibu wa Nzuguni

Shikamoo mwalimu. Nakushukuru wewe na wengine wote kwa kunipa muda wenu. Nimepata hedifoni za waya na nimefuata maelekezo ya fundi ya kulinganisha sauti macho yakiwa yamefumbwa, na tofauti niliiona palepale.

Rhythm Doctor nimepanga kuununua mwisho wa mwezi. Wakati huu, kwa kuwa niliona osu! ni wa bure na ndani yake kuna mtindo wa taiko, nimeupakua kwenye kompyuta. Nimependa kwamba wimbo haukatishwi katikati hata nikikosa mara nyingi. Hukumu inatolewa mwishoni. Nyimbo nimezipakua mara moja na sasa nacheza bila intaneti. Kinachonitatiza ni hiki: niliwasha kirahisishi kinachoitwa Easy nikidhani mambo yatakuwa mepesi, lakini alama zimekuja zikiwa zimesongamana kiasi kwamba sitambui ipi nyekundu inatangulia na ipi ya buluu inafuata. Tena kuna baadhi ya nyimbo ambazo mpangilio wake hauna mantiki yoyote masikioni mwangu, alama zinatokea mahali ambapo sisikii pigo. Je, ni mimi ninayeshindwa kusikia au kuna jambo sijalirekebisha?

Mwanachuo wa UDOM

Dada, masikio yako yako sawa, na nimefurahi kuona umechukua njia ya mwalimu. Hoja yake ya kuzima sauti imenifanya niupime upya ushauri wangu, ingawa Muse Dash bado ninaupendekeza kwa ajili ya daladala.

Nianze na msongamano. Katika mtindo wa taiko, Easy haipunguzi mwendo wa wimbo, bali inapunguza kasi ya alama kutembea kwenye kioo. Wimbo ukibaki na mwendo uleule huku alama zikitembea polepole, lazima nafasi kati ya alama moja na nyingine ipungue, nazo zinarundikana. Hili huwashangaza karibu wote wanaoanza, kwa sababu akili inatuambia kwamba kitu kinachokwenda polepole ni rahisi kukisoma. Katika michezo ya mdundo mara nyingi ni kinyume: alama zikitembea haraka zaidi hutawanyika, na kila moja inasomeka peke yake. Ndiyo maana ukimtazama mchezaji mzoefu unaona alama zinakimbia kana kwamba haiwezekani, kumbe yeye amezitenganisha ili azisome.

Zima Easy, kisha washa kile kinachoitwa Half Time. Hicho kinapunguza mwendo wa wimbo wenyewe hadi asilimia 75, hivyo wimbo wa mapigo 160 kwa dakika unakuwa wa 120, na nafasi kati ya alama inabaki ileile. Unapata muda wa kusoma bila msongamano. Ukiogopa hukumu ya mwishoni, washa na No Fail mpaka uzoee.

Kuhusu mipangilio isiyo na mantiki, nadhani unacheza nyimbo zilizopangwa kwa ajili ya mtindo mkuu wa osu! na kisha kugeuzwa na programu yenyewe kuwa za taiko. Programu inageuza mahali pa maduara kuwa mapigo ya ngoma bila kusikiliza wimbo kama binadamu anavyousikiliza. Kwenye orodha ya nyimbo zima kuonyeshwa kwa zile zilizogeuzwa, ubaki na zilizopangwa na watu kwa ajili ya taiko. Utakuta ngazi zake zina majina ya Kijapani yaliyotoka kwenye Taiko no Tatsujin: Kantan ndiyo nyepesi kabisa, ikifuatwa na Futsuu, kisha Muzukashii, kisha Oni. Kaa Kantan. Wimbo mmoja uurudie mpaka uujue, badala ya kuonja nyimbo nyingi mara moja moja, kwa sababu unapoujua wimbo ndipo unapoanza kulisikia pigo kabla halijafika.

Vidole navyo uvipange mapema. Vitufe viwili vya katikati ni vya uso wa ngoma na viwili vya pembeni ni vya ukingo, kimoja kwa kila mkono. Wengi wanaoanza hupiga nyekundu zote kwa kidole kimoja, na wanafika mahali kidole hicho hakiwezi tena. Zoea kupokezana kulia na kushoto tangu wimbo wa kwanza, hata pale ambapo mwendo ni wa taratibu na huoni haja ya kufanya hivyo.

Mhasibu wa Nzuguni

Ahsante sana mdogo wangu. Nimezima Easy na alama zimefunguka kweli. Swali la mwisho, na hili nadhani ni la fundi: pembeni mwa kioo kuna mstari mdogo unaochora vialama kila ninapobonyeza, na baada ya wimbo mchezo uliniuliza kama nataka kurekebisha sauti kulingana na nilivyocheza. Nikubali?

Fundi Simu, Majengo

Dada, huo mstari ndio mwalimu wako mkweli kuliko sisi wote. Katikati yake ni wakati sahihi kabisa. Upande mmoja ni wa kuwahi na upande wa pili ni wa kuchelewa. Cheza wimbo unaoujua vizuri, kisha utazame vialama vimekaa vipi. Kama vimejikusanya pamoja lakini vyote vimeegemea upande mmoja, mkono wako ni thabiti na kasoro ni ya kifaa, kwa hiyo kubali marekebisho ambayo mchezo unakupendekezea. Kama vimetawanyika pande zote mbili, baadhi vikiwahi na baadhi vikichelewa, usikubali, kwa sababu wastani wa makosa yanayotofautiana hautakusaidia kitu. Utausogeza wimbo leo na kesho utausogeza tena, na hutajua tena ni nini kilichokosewa. Hapo dawa ni kurudi kwenye Half Time na wimbo uleule mpaka vialama vianze kusogeleana.

Na marekebisho hayo uyafanye ukiwa na hedifoni zilezile za waya. Siku mtoto akizichukua ukalazimika kutumia spika ya kompyuta, kumbuka kulinganisha upya kabla ya kuanza.